Uniti 480 kwa Siku: Jinsi Boti ya Jua Inavyovuka Bahari

Alfajiri ya msimu wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanaporudi Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, kitu kinachoshushwa mara baada ya samaki ni betri. Miaka si mingi iliyopita zilizoshushwa zilikuwa karabai, zikiwa bado na joto lake na harufu ya mafuta ya taa. Siku hizi taa nyingi ni za umeme, na betri hupelekwa kuchajiwa, nyingine kwa paneli za sola zilizolazwa juu ya mabati ya vibanda vilivyo jirani na mwalo. Nimelitazama jambo hilo mara nyingi, na swali linalonijia ni lile lile ambalo wavuvi wenyewe huuliza: ikiwa jua lina nguvu ya kuwasha taa za kuvutia dagaa usiku kucha, kwa nini lisiusukume mtumbwi wenyewe? Na ikiwa kweli ipo boti iliyoizunguka dunia nzima bila tone la mafuta, kwa nini boti zinazokwenda Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka wa Burundi, bado zinapakia madumu ya petroli?

Swali hilo hujibiwa kwa haraka mno. Wapo wanaosema jua ni bure, kwa hiyo kilichobaki ni kununua tu. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya yasiyotuhusu. Majibu yote mawili yanaruka hesabu, ilhali hesabu yenyewe si ngumu, na mtu yeyote aliyewahi kununua umeme wa LUKU anaweza kuifuata hadi mwisho.

Tarehe 27 Septemba 2010 boti iitwayo Tûranor PlanetSolar iliondoka Monaco na kuelekea magharibi, na tarehe 4 Mei 2012 ikarejea bandari ile ile baada ya siku 584 na safari ya takriban kilomita 60,000. Ilikuwa boti ya kwanza kuizunguka dunia kwa nguvu ya jua peke yake. Wazo lilikuwa la Raphaël Domjan, raia wa Uswisi, na chombo chenyewe kiliundwa Kiel, Ujerumani. Kina urefu wa mita 31 na upana wa mita 15, uzito wake unazidi tani 80, na sitaha yake imetandikwa zaidi ya mita 500 za mraba za paneli za sola, kiasi kwamba ukiitazama kutoka juu huioni boti, unaona shamba la sola linaloelea. Chini ya shamba hilo kuna viunzi viwili vyembamba vinavyokata maji, na ndani yake zimepangwa tani 8.5 za betri za lithiamu.

Sasa tuhesabu. Jua la saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, hushusha takriban wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja ya tano ya mwanga huo kuwa umeme, na sehemu nyingine nne hupotea kama joto; zinabaki wati 200. Lakini saa sita haidumu. Asubuhi jua huja kwa mshazari, jioni hali ni hiyo hiyo, katikati hupita mawingu, na usiku hakuna kitu. Ukiukusanya mwanga wote wa siku moja katika nchi za joto kama hapa Kigoma, unapata sawa na saa tano tu za jua kali. Wati 200 kwa saa tano ni kilowati-saa moja, yaani ile ambayo kila mwenye mita ya LUKU huiita uniti. Mita moja ya mraba, siku moja, uniti moja: kipimo hiki hakina usahihi wa maabara, lakini kinatosha kukuonyesha kama mpango wa safari unawezekana au ni ndoto.

Paneli za PlanetSolar zilikuwa na uwezo wa kilowati 93 jua linapokuwa kali. Zidisha kwa saa tano, unapata uniti 465 kwa siku. Upande wa matumizi, injini zake za umeme zilikula wastani wa kilowati 20 boti ikiwa safarini. Zidisha kwa saa 24, unapata uniti 480. Namba hizo mbili hazikukaribiana kwa bahati. Waliounda chombo hiki walianza na mapato ya jua la siku, wakauliza ni mwendo gani unaoweza kulishwa na mapato hayo mchana na usiku bila kusimama, kisha wakaunda boti inayoelea kwa wepesi wa kutosha kuridhika na kiasi hicho. Kilowati 20 ni sawa na nguvu farasi 27. Injini moja ya kupachika ya nguvu farasi 40, kama zile zinazosukuma boti za abiria hapa, ikifunguliwa yote hutoa nguvu zaidi ya ile iliyoisukuma PlanetSolar kuvuka Pasifiki.

Gharama ya kuridhika huko ilikuwa mwendo. Wastani wa boti ile ulikuwa kama kilomita tisa kwa saa, ambao ni mwendo wa baiskeli iliyopakia mkungu wa ndizi. Hata ilipoivuka Atlantiki kwa mara nyingine mwaka 2013, kutoka Las Palmas hadi Saint Martin, na kuharakisha kadiri ilivyoweza, ilitumia siku 22.

Wengi wakisikia hivyo husema dawa ni kuongeza betri, na hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu betri ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Lita moja ya petroli ina takriban uniti tisa za joto. Injini hupoteza nyingi kati ya hizo kupitia moshi na maji ya kupozea, na zinazofika kwenye ekseli ya rafadha (propela, kama mafundi wa Kibirizi wanavyoiita) ni kama mbili. Zile tani 8.5 za betri za PlanetSolar zilibeba uniti zaidi ya 1,000. Kwa hiyo hazina yote ile, yenye uzito wa lori lililojaa, ilikuwa sawa na lita 500 hivi za petroli, yaani mapipa mawili na nusu. Kwa mwendo wa kawaida ingeisukuma boti kwa siku mbili na kidogo, basi. Ukiongeza betri unaongeza uzito, uzito unaizamisha boti zaidi, na boti iliyozama zaidi inasukuma maji mengi zaidi. Sehemu ya kile ulichokiongeza inatumika kujibeba yenyewe. Na ukishazimaliza, utazijaza kwa paneli zile zile zinazoleta uniti 465 kwa siku. Katika safari ndefu kazi ya betri ni kuhamisha jua la mchana kulipeleka usiku, na kuvumilia siku moja au mbili za mawingu. Anayeitegemea kama tangi la mafuta atakwama katikati ya maji.

Ikiwa mapato hayaongezeki na akiba haisaidii sana, kinachobaki ni matumizi, na katika matumizi maji yana sheria kali ambayo nahodha yeyote anaijua kwa mkono wake hata kama hajawahi kuiandika. Nguvu inayohitajika kuisukuma boti hupanda takriban kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiongeza mwendo mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Safari inachukua nusu ya muda, ni kweli, lakini mara nane kwa nusu ya muda ni mara nne, kwa hiyo umbali ule ule unakula uniti mara nne zaidi. Geuza hesabu hiyo upande wa pili na utaona siri yote ya safari za jua: ukipunguza mwendo kwa nusu, uniti zile zile zinakufikisha mara nne mbali zaidi. Mwenye petroli anaweza kuipuuza sheria hii na kuilipia kituoni. Mwenye paneli hana pa kuilipia.

Kuna na jambo la mawimbi. Boti yenye kiunzi kimoja kipana inapoongeza mwendo hutengeneza wimbi mbele yake na jingine nyuma yake, na ikifikia kiwango fulani kinachotegemea urefu wake, hujikuta imenasa katikati, omo limeinuka, kama mtu anayepanda mlima alioulundika mwenyewe. Kwa boti ya mita kumi majini kiwango hicho ni kama kilomita 14 kwa saa. Viunzi virefu na vyembamba hutengeneza wimbi dogo, lakini chembamba peke yake hupinduka, na hivyo huunganishwa viwili sambamba. Hii ndiyo sababu karibu kila boti ya jua ya masafa marefu ina viunzi viwili, na upana kati yake ndio unaobeba paneli. Wavuvi wa dagaa wa Tanganyika wanauelewa mpango huu tangu zamani kwa sababu nyingine: huunganisha mitumbwi miwili kwa boriti ili wapate mahali pa kutulia na kuuteremsha wavu katikati, chini ya taa.

Paneli nazo zina udhaifu ambao mtu hauoni mpaka aupime. Siku moja nilisimama na fundi wa sola karibu na mwalo, paneli ndogo ya wati 100 ikiwa juani, waya zake zimeunganishwa na betri ya volti 12, na mita ya ampea katikati ikisoma tano na nukta kadhaa. Akachukua kitambaa cha kufutia mikono, akafunika kona moja tu, kipande kisichozidi kiganja. Mita ilianguka hadi karibu na sifuri. Paneli ile ina vipande 36 vilivyofungwa mfululizo kama shanga. Kimoja kikifunikwa, umeme huzuiwa na kulazimika kupita njia ya pembeni inayoiruka nusu nzima ya mfululizo, na nusu iliyobaki haina volti za kutosha kuisukumia betri chochote. Tangu siku ile siwezi kuona boti yenye mlingoti, kamba na nguo zilizoanikwa juu ya paneli bila kuwaza ni uniti ngapi zinapotea kwa vivuli hivyo vyembamba. Ndege wakitua na kuchafua, tatizo ni lile lile. Baharini kuna chumvi inayokauka juu ya kioo na kuila shaba ya waya. Sisi wa maji baridi tumeepushwa na hilo. Joto pia hupunguza: kila nyuzi kumi zinazozidi 25 huondoa kama asilimia tatu hadi nne ya umeme, na paneli ya mchana wa Kigoma huwa ya moto kiasi cha kuunguza vidole.

Hali ya hewa hutawala yote yaliyosemwa. Boti ya mafuta hutafuta njia fupi. Boti ya jua hutafuta njia yenye jua zaidi na upepo mpole zaidi, na mara nyingi hiyo ni ndefu kuliko ile iliyonyooka. PlanetSolar ilikaa sehemu kubwa ya safari katika nchi za joto, ikapitia mfereji wa Panama na ule wa Suez, huku wataalamu wa hali ya hewa wa Ufaransa wakiwatumia mabaharia utabiri wa mawingu, upepo na mikondo ya maji. Upepo wa mbele ndio adui mkubwa kuliko wingu, kwa sababu wingu hupunguza mapato peke yake, ilhali upepo wa mbele huongeza matumizi siku hiyo hiyo na mara nyingi huja pamoja na wingu.

Ukiyaleta hayo kwenye Ziwa Tanganyika, unaona mambo mawili. Ziwa limelala kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 670, na wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini hulipitia kwa urefu wake wote na kuyapa mawimbi nafasi ndefu ya kukua. Anayekwenda kusini miezi hiyo anapanda. Wakati huo huo kiangazi ndicho chenye mbingu zisizo na mvua, isipokuwa mwezi wa nane na wa tisa, ambapo moshi wa mioto ya nyasi hutanda hata milima ya Kongo ikatoweka machoni kwa wiki nzima, na jua likashuka likiwa jekundu na dhaifu kabla ya kufika kwenye maji.

PlanetSolar haikuwa ya kwanza kujaribu bahari kuu. Mwaka 1996 baharia wa Japani, Kenichi Horie, aliivuka Pasifiki akiwa peke yake, kutoka Ekwado hadi Tokyo, katika boti ndogo ya jua iliyoundwa kwa alumini ya makopo yaliyoyeyushwa. Kati ya Desemba 2006 na Februari 2007 boti ya Waswisi iitwayo sun21, yenye urefu wa mita 14, ilivuka Atlantiki kutoka Hispania hadi Martinique. Nayo PlanetSolar baadaye ilibadilishwa jina ikawa Race for Water, ikaongezewa mitambo ya haidrojeni na tiara kubwa la kuvutwa na upepo. Energy Observer, iliyoanza safari mwaka 2017 kutoka Ufaransa, nayo ilichukua njia ya haidrojeni inayotengenezwa humo humo chomboni kutokana na maji ya bahari. Kwangu mimi mageuzi hayo ni ushahidi mzito: hata waliofaulu kwa jua peke yake waliona vema kumtafutia jua mwenzake, na mwenzake mmojawapo ni upepo, uliokuwa ukivusha vyombo baharini kabla ya injini yoyote.

Meli kubwa za mizigo, kwa hiyo, zisitarajiwe. Emma Mærsk, meli ya makontena iliyoanza kazi mwaka 2006, ina urefu wa karibu mita 400, upana wa mita 56 na injini ya takriban megawati 80. Hata ukiondoa makontena yote na kuifunika kwa paneli kutoka omo hadi tezi, utapata mita za mraba 22,000, nazo uniti 22,000 kwa siku, ambazo ukizigawa kwa saa 24 ni kilowati 900 na ushei, kama asilimia moja ya nguvu za injini ile. Tatizo liko katika ukubwa wenyewe. Ukiikuza meli mara mbili kwa urefu, upana na kina, sitaha inayopokea jua inakuwa mara nne lakini uzito unakuwa mara nane.

Kwa hiyo MV Liemba yetu, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, haitageuzwa kuwa ya jua. Chombo kile kiliundwa Ujerumani mwaka 1913, kikaja Kigoma kwa vipande juu ya reli ya kati, kikaelea mwaka 1915, kikazamishwa mwaka uliofuata, kikaibuliwa na kurudishwa kazini mwaka 1927, na katika miaka ya 1970 kikaachana na mvuke na kuingia dizeli. Kimeshawahi kubadilishwa moyo, lakini moyo wa jua hautakitosha.

Boti ya mbao ya Kagunga ni habari nyingine, na nimeikokotoa kwa uangalifu kwa sababu ndiyo inayonigusa. Chukua boti ya mita 12 na uifanyie paa jepesi lenye mita 20 za mraba za paneli: unapata kama uniti 20 kwa siku, sawa na kazi ya lita kumi za petroli. Kwa injini ya nguvu farasi 40 iliyofunguliwa yote, ambayo ni kilowati 30, uniti hizo zinaisha ndani ya dakika 40. Kwa injini ya umeme ya kilowati tatu zinadumu zaidi ya saa sita, na kwa kilomita nane kwa saa zinakufikisha kilomita 50 hivi. Kagunga iko mbali kidogo zaidi ya hapo. Inafikika siku njema, boti ikiwa nyepesi, ikibeba watu wachache. Ikiwa na abiria waliobanana, magunia ya mihogo na mapipa ya mawese, paa la paneli likishika upepo wa kiangazi, nisingemshauri mtu kuondoka bila injini ya akiba, na nasema hivyo nikilitakia mema wazo hili.

Mahali jua lilipofaulu kubeba abiria kila siku ni masafa mafupi. Katika jimbo la Kerala, India, kivuko kiitwacho Aditya kimekuwa kikivusha watu tangu Januari 2017 kati ya Vaikom na Thavanakadavu, abiria 75 kwa safari, kwa paneli za kilowati 20 zilizo juu ya paa. Umbali ni kilomita tatu hivi, na safari hurudiwa mara nyingi kwa siku bila mashindano ya mwendo.

Kinachozuia hapa kwetu, hata kwa masafa mafupi, ni namna ya kulipa. Petroli hununuliwa kwa safari, mara nyingi kwa mkopo wa dagaa ambao bado wako majini. Paneli na betri ni kununua mafuta ya miaka mingi kwa siku moja, na mvuvi hana fedha hizo mkononi. Wanaoshindwa kuvumilia gharama hununua betri za asidi kama za gari. Hizo ni nzito zaidi, na zikizoeshwa kushushwa chini ya nusu hufa mapema, hivyo nusu ya uzito wanaoubeba haiwasaidii kitu.

Hata hivyo mtumbwi wa dagaa una ratiba ambayo boti ya Kagunga haina. Hutoka jioni, hutulia juu ya wavu usiku, hurudi alfajiri, na mchana kutwa huwa umelala mchangani juani. Ukienda kilomita kumi na kurudi kumi kwa mwendo wa kilomita saba kwa saa na injini ya kilowati tatu, utatumia kama uniti tisa, na taa zitaongeza moja. Uniti kumi kwa usiku zinahitaji mita 13 hivi za mraba ukihesabu zinazopotea njiani. Boriti na kamba za wavu haziachi nafasi wala hazikosi kivuli, kwa hiyo paneli hizo zisipande mtumbwini kabisa. Zikae juu ya mabati ya kibanda, na betri ndiyo iende na kurudi, kama betri za taa zinavyofanya tayari. Siku za mbalamwezi, wavu ukiwa umeanikwa, betri itajaa kwa siku ya kwanza tu, na uniti zinazoendelea kuja kila siku hazitakuwa na pa kuingia, hivyo anayepanga kununua itambidi akubaliane mapema na mwenye friji la vinywaji au mwenye kibanda cha kuchajia simu jirani yake juu ya nani atazinunua siku hizo, na kwa bei gani.